Samaki mdogo si lazima mtoto: namna ya kujua umri wa samaki wa Ziwa Tanganyika

Saa kumi na mbili asubuhi, kando ya Ziwa Tanganyika mjini Uvira, wavuvi wanarudi kutoka kazi ya usiku. Taa zimezimwa. Ndagala wanamwagwa ndani ya mabeseni, na wamama wauzaji wanaanza kubishana bei kabla hata mtumbwi haujafungwa vizuri.

Inama uangalie vizuri ndani ya beseni moja. Mara nyingi utakuta samaki wa aina mbili wenye urefu sawa, kama kidole cha mtu mzima. Wa kwanza ni ndagala wa sentimita 8. Huyo ni mzazi, amekwisha kufikia umri wa kutaga mayai. Wa pili ni mukeke wa sentimita 8, yule ambaye kule Kalemie wanamwita mikebuka. Huyo ni mtoto. Angeachwa majini angefika sentimita 40, lakini ilibaki zaidi ya mwaka mzima kabla ya kutaga yai lake la kwanza.

Sokoni wote wawili wanapimwa kwa sahani moja na wanauzwa kwa bei moja. Kwa ziwa, si kitu kimoja hata kidogo. Anayenunua ndagala yule amekula faida. Anayenunua mukeke yule amekula mtaji.

Basi swali linakuja: mtu anajuaje umri wa samaki? Ng'ombe tunamfungua kinywa tukaangalia meno. Mti ukikatwa tunahesabu pete za shina. Samaki naye ana kitabu chake cha kuzaliwa, na anatembea nacho ndani ya kichwa.

Urefu unadanganya

Watu wengi wanajibu haraka: samaki mkubwa ni mzee, samaki mdogo ni kijana. Jibu hilo linafaa tu ukilinganisha samaki wa aina moja, wa ziwa moja, waliokula sawa.

Samaki hakui kama mtu, ambaye akifika miaka 20 urefu unasimama. Samaki anaendelea kukua karibu maisha yake yote, haraka akiwa kijana na polepole akizeeka. Lakini kasi hiyo inafuata chakula na nafasi. Mwenye kufuga tilapia katika kidimbwi anajua jambo hili: ukiwajaza wengi mno na chakula ni kidogo, wanabaki wadogo kama kiganja, na bado wanazaa. Ukiwatazama kwa macho utasema ni watoto, kumbe ni wazazi wenye wajukuu.

Kwa hiyo mwenye kutaka ukweli hawezi kuishia kwenye urefu. Lazima atafute sehemu ya mwili ambayo inaandika kila msimu uliopita, na ambayo haifuti.

Magamba, mifupa na mawe ya sikio

Sehemu ya kwanza ambayo watu walitazama ni magamba. Gamba linakua pamoja na samaki. Msimu wa chakula kingi mistari yake inakuwa mbali mbali. Msimu wa njaa au baridi inakaribiana. Ukiweka gamba lililooshwa chini ya kioo cha kukuza, unaona mistari hiyo kama alama za kidole. Uzuri wa magamba ni kwamba unaweza kutoa machache na kumrudisha samaki majini akiwa mzima. Ubaya wake ni kwamba gamba linaweza kung'oka, na jipya linaloota halina habari za zamani. Tena samaki akiteswa na njaa, mwili wake unaweza kula kingo za gamba, na ukurasa mzima wa kitabu ukapotea.

Sehemu ya pili ni mifupa. Mwaka 1759, mchungaji mmoja wa Sweden, Hans Hederström, alihesabu pete katika mifupa ya mgongo wa samaki na kuandika kwamba kila pete ni mwaka mmoja. Hata leo, kwa samaki wasio na magamba kama kambale, wataalamu wanakata kipande chembamba cha ule mwiba mgumu wa ubavuni na kuhesabu pete zilizo ndani.

Sehemu ya tatu, ambayo inaaminiwa kuliko zote, ni mawe ya sikio. Wanasayansi wanayaita otoliti. Samaki hana sikio la nje, lakini ndani ya kichwa chake, karibu na ubongo, ana vifuko vidogo vyenye mawe meupe, matatu kila upande. Yanamsaidia kusikia na kujua kama amelala sawa au amepinduka. Yametengenezwa kwa chokaa, na yanakua kwa kuongezewa tabaka moja juu ya jingine, kama kitunguu. Mwaka 1899 Mjerumani Johannes Reibisch alionyesha kwamba mawe hayo yanaweza kusomwa ili kujua umri.

Jiwe la sikio lina sifa moja ambayo gamba na mfupa havina: mwili haulirudii. Samaki akilala njaa miezi 2, hatakula jiwe lake. Kilichoandikwa kimeandikwa.

Jaribu jikoni kwako

Hauhitaji laboratwari ili kuyaona. Tafuta kichwa cha tilapia mkubwa, sangala au mukeke mzima, kibichi au kilichopikwa. Wanaopenda kunyonya kichwa cha samaki pamoja na bugali pengine wamekwisha kuyauma bila kujua na kuyatema wakidhani ni mchanga.

Weka kisu nyuma kidogo ya macho, ukate fuvu kutoka juu na kulifungua kama kifuniko cha sufuria. Utaona ubongo, mdogo na mweupe. Uondoe polepole. Chini yake na nyuma kidogo, kulia na kushoto, kuna vishimo viwili. Ingiza ncha ya kisu au sindano. Kitu kigumu cheupe kitatoka. Osha, kausha, weka juu ya kitambaa cheusi.

Kwa tilapia mkubwa, jiwe hilo linalingana na punje ndogo ya mchele. Kwa ndagala, ni dogo sana, na hapo macho hayatoshi. Ukiwa na kioo cha kukuza na jiwe la samaki mkubwa, ukalitia ndani ya maji na kulimulikia taa, unaweza kuona mikanda: mmoja mweupe, mmoja wa kupitisha mwanga, tena mweupe, tena wa kupitisha mwanga. Kwa inchi za baridi, mikanda miwili hiyo pamoja ni mwaka mmoja.

Lakini hapa kwetu hakuna theluji

Hapo ndipo shida ya Afrika ya kati inapoanzia. Ulaya, majira ya baridi yanamsimamisha samaki karibu kabisa, na jiwe linaandika msitari ulio wazi. Tanganyika haina majira ya baridi. Maji ya juu yanabaki na joto karibu lile lile mwaka mzima, kati ya digrii 24 na 28 hivi.

Kitu kinachobadilika kwetu ni upepo. Kuanzia mwezi wa 5 hadi mwezi wa 9, pepo za kusini zinapuliza kwa nguvu, zinasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye mbolea yanapanda, hasa upande wa kusini wa ziwa. Vijidudu vya majini vinaongezeka, ndagala wanapata chakula, na wanaokula ndagala wanafuata. Mabadiliko hayo yanaweza kuacha alama kwenye jiwe, lakini alama hafifu. Tena samaki anaweza kupata alama nyingine kwa sababu ya kutaga mayai au kuugua. Anayehesabu kila alama kuwa mwaka anaweza kumpa samaki wa miaka 2 umri wa miaka 4.

Kwa muda mrefu jambo hili liliwafanya wataalamu wengi kuamini kwamba umri wa samaki wa inchi za joto hauwezi kujulikana vizuri.

Pete moja kwa siku moja

Mlango ulifunguka mwaka 1971. Mtafiti Giorgio Pannella alionyesha kwamba ndani ya jiwe la sikio, kati ya alama kubwa za mwaka, kuna pete nyembamba sana ambazo samaki anaziandika kila siku. Mchana na usiku vinatosha: mwili unatia chokaa nyingi saa fulani na kidogo saa nyingine. Na mchana na usiku tunavyo, kama Ulaya.

Kwa ndagala habari hiyo ilikuwa zawadi, kwa sababu ndagala haishi miaka mingi. Maisha yake ni kama mwaka mmoja, au mwaka na miezi michache. Kumhesabia miaka ni bure. Kumhesabia siku ndiyo kazi.

Kazi yenyewe inataka uvumilivu. Jiwe linabandikwa kwa gundi juu ya kipande cha kioo, linasuguliwa polepole kwa karatasi laini ya msasa mpaka katikati yake ionekane, kisha linawekwa chini ya mikroskopu yenye nguvu. Msomaji anaanza katikati, siku ya kuzaliwa, na kwenda nje mpaka ukingoni, siku samaki alipovuliwa. Ukizidisha kusugua, siku za nje zinapotea. Ukisugua kidogo, za katikati hazionekani.

Tuseme ndagala alivuliwa tarehe 20 ya mwezi wa 8, na jiwe lake lina pete 180. Hesabu kurudi nyuma siku 180: alianguliwa karibu tarehe 21 ya mwezi wa 2. Ukifanya hivyo kwa samaki mia, unajua miezi gani ilizaa watoto walioishi, na miezi gani watoto walipotea.

Njia hii imetumika kwa ndagala na lumbu wa Tanganyika tangu miaka ya 1990. Matokeo yanafanana: ndagala anafika sentimita 7 hivi, urefu wa kuanza kuzaa, akiwa na umri wa karibu nusu mwaka. Yaani ndagala aliyeanguliwa mwezi wa kwanza anaweza kuwa mzazi mwezi wa 7.

Kwa samaki wanaoishi miaka mingi pete za siku hazitoshi. Akizeeka anakua polepole sana, na pete zinabanana mpaka hazihesabiki.

Ukikosa mikroskopu, shika rula

Kuna njia nyingine isiyotaka kumpasua samaki. Mwishoni mwa karne ya 19, Mdenmark Johannes Petersen aliona kwamba ukipima urefu wa samaki wengi sana wa aina moja na kuwapanga, hawapangiki ovyo. Wanajikusanya katika vikundi: wengi wa sentimita 3, wachache wa 5, tena wengi wa 7. Kila kikundi ni watoto wa kipindi kimoja.

Ukirudi mwezi unaofuata ukapima tena, kikundi cha sentimita 3 kimesogea hadi 4 na kitu. Mwezi mwingine kimesogea tena. Ni kama kumwangalia mtoto wa jirani kila mwezi kwenye kizingiti cha mlango: hukumuona akizaliwa, lakini unajua anavyokua.

Katika miaka ya 1990, mradi mkubwa wa FAO na inchi ya Finland ulifanya kazi hiyo pande zote za ziwa, pamoja na Uvira na Kalemie. Mji wa Uvira una pia kituo cha serikali cha kuchunguza maji na viumbe vyake, Centre de Recherche en Hydrobiologie, ambacho wakaaji wanakijua kwa kifupi kama CRH. Vifaa vya njia hii ni rula, daftari na mtu asiyechoka kufika kando ya ziwa kila asubuhi.

Udhaifu wake ni kwamba inategemea samaki walioingia wavuni. Kama wavu una matundu makubwa, watoto hawaonekani kwenye hesabu. Kama mvuvi anafuata kundi moja tu, utadhani ziwa lote ni kundi hilo. Kwa hiyo rula na jiwe vinasaidiana, kila kimoja kikisahihisha kingine.

Nani anathibitisha?

Msomaji mwenye busara atauliza: wanajuaje kwamba pete moja ni siku moja kweli, si mbili?

Wanampa samaki hai dawa aina ya tetracycline, ile inayojulikana kwenye maduka ya dawa. Dawa hiyo inaingia ndani ya jiwe na kuacha msitari unaong'aa chini ya taa ya pekee. Samaki anawekwa kwenye tangi siku 30. Kisha jiwe linasomwa: kama kuna pete 30 nje ya msitari unaong'aa, hesabu ni ya kweli.

Pia jiwe moja halisomwi na mtu mmoja. Wasomaji wawili au watatu wanahesabu kila mmoja peke yake, bila kuambiwa urefu wa samaki, maana anayejua samaki ni mkubwa atatafuta pete nyingi. Wasipokubaliana, jiwe linasomwa tena au linatupwa.

Hesabu mbaya inavyoua

Kuna aliyekosea hesabu na akalipa. Karibu na New Zealand na Australia, kwenye kina kirefu cha bahari, anaishi samaki mwekundu ambaye kwa Kifaransa anaitwa hoplostète. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 meli kubwa zilimvua kwa wingi. Mwanzoni ilidhaniwa anaishi miaka 20 au 30 hivi, kwa hiyo watu walifikiri anajaza nafasi yake haraka.

Baadaye mawe yake ya sikio yalikatwa vizuri na kusomwa upya. Samaki hao walikuwa wanapita miaka 100, na walikuwa hawazai mpaka wafike umri wa mtu mzima. Wavuvi walikuwa wamevua samaki waliozaliwa kabla ya babu zao. Sehemu nyingi zilikuwa zimekwisha kuwa tupu.

Kosa lao halikuwa wavu. Lilikuwa namba moja ya umri iliyoandikwa vibaya, na sheria zote zikajengwa juu yake.

Miezi 3: mingi kwa nani, michache kwa nani?

Turudi Uvira, kwa sababu hapa namba hizo zinaingia ndani ya sufuria.

Inchi 4 zinazogawana Tanganyika, yaani Congo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kufunga uvuvi kwa miezi 3 kila mwaka, kutoka tarehe 15 ya mwezi wa 5 hadi tarehe 15 ya mwezi wa 8. Kila unapokaribia wakati huo, mazungumzo kando ya ziwa yanakuwa makali. Baba anauliza watoto watakula nini. Mama aliyekopa feza za likelemba anauliza atarudisha kwa njia gani. Mvuvi anauliza kama wenzake wa ng'ambo nao wamelaza mitumbwi kweli.

Maswali hayo yana haki yake. Sayansi ya umri haiwezi kumlisha mtu miezi 3. Inachoweza ni kusema wazi miezi hiyo inamsaidia samaki gani, na kwa kiasi gani.

Kwa ndagala, miezi 3 ni mingi. Ndagala mwenye miezi 3 siku ya kufunga, ambaye ni mtoto wa sentimita 4 au 5, siku ya kufungua ana miezi 6. Amekuwa mzazi. Maji yaliyofungwa yamempitisha kutoka utoto hadi kutaga mayai. Mvuvi aliyesubiri anakuta samaki mzito zaidi kwenye wavu ule ule.

Kwa mukeke, miezi 3 ni michache. Anakomaa akiwa na sentimita 25 hivi, umri wa karibu miaka 2. Mtoto wa mukeke wa sentimita 8 siku ya kufunga bado ni mtoto siku ya kufungua. Usiku wa kwanza taa zinapowashwa tena, anavutwa pamoja na ndagala, kwa maana utotoni anaogelea katika makundi yao. Kilichomkinga miezi 3 kinamwacha kabla hajafika popote.

Kwa sangala wakubwa hali ni ngumu zaidi. Watoto wao wanajificha kwenye majani ya majini karibu na ufuko, pale pale ambapo nyavu za kukokota na vyandarua vya mbu vinapita mchana kweupe. Tarehe ya kalenda peke yake haiwatoshi. Wao wanataka sehemu zile za majani ziachwe mwaka mzima.

Kwa maneno mengine, sheria moja haiwezi kulinda samaki wenye maisha tofauti. Anayesema kufunga ziwa hakusaidii kitu anakosea juu ya ndagala. Anayesema kufunga ziwa kunatosha anakosea juu ya mukeke. Na mvuvi anayeombwa kulala na njaa ana haki ya kuelezwa namba hizi kwa lugha yake, kando ya ziwa lake, si katika mikutano ya hoteli tu.

Cha kufanya mbele ya beseni

Mnunuzi hawezi kubeba mikroskopu sokoni. Lakini anaweza kutofautisha mzazi na mtoto kwa kidole.

Mshike samaki mdogo na upitishe kidole mgongoni, kutoka mkiani kuelekea kichwani. Ndagala ana pezi moja dogo laini, halichomi, na mdomo wake ni mdogo. Mtoto wa mukeke ana mapezi mawili mgongoni, la kwanza lina miiba inayochoma, na mdomo wake ni mpana, wa mla samaki. Ukichomwa, umeshika mtoto.

Mama akikuta beseni ambalo nusu yake inachoma, anajua kwamba anapimiwa samaki ambao mwaka ujao kila mmoja angejaza sahani peke yake. Anaweza kuuliza muuzaji wamevuliwa wapi na kwa wavu gani. Anaweza kuchagua beseni la pili. Wauzaji wanasikia kitu kinachoachwa mezani haraka kuliko wanavyosikia tangazo la serikali.

Kisha jioni, ukila kichwa cha samaki mzima na meno yakakutana na kitu kigumu kama mchanga, usikiteme mara moja. Kitoe, kioshe, waonyeshe watoto. Waambie kwamba ndani yake kuna siku zote alizoishi samaki huyo, moja baada ya nyingine, mpaka usiku ule alipofuata taa.